Muuza Kuku na Paka wa Mama Yake

Watu wa stendi ya Singida Mjini walimjua Eliana kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Basi likisimama, vumbi halijatulia, ilisikika: "Kuku wa kienyeji! Mshike mwenyewe, mpime kwa mkono!" Abiria aliyekuwa amesinzia alijikuta amekwisha kufungua dirisha. Ndiyo maana wiki aliyorudi nyumbani kutoka hospitali, shavu limefura kama andazi na mdomo umejaa pamba, wenzake walisema stendi imekuwa kama kanisa siku ya Jumatatu.

Gego lake la mwisho, la chini upande wa kushoto, lilikuwa limelala ubavu ndani ya fizi. Lilimsumbua tangu mvua za kwanza, akalituliza kwa karafuu na vidonge vya dukani. Kisha fizi ikavimba kuliko siku zote katika juma lile lile ambalo mama yake, Bibi Asnath, alifariki kule Ilongero.

Eliana alifika msibani taya limekaza, mdomo haufunguki hata kijiko kupita. Shangazi zake walijitupa chini. Wanawake wa kijiji waliangua kilio kilichosikika hadi barabarani. Yeye, mtoto wa kwanza wa marehemu, alikaa mkekani akitazama jeneza, machozi yakishuka kimya juu ya shavu lililovimba. Sauti haikutoka. Na msibani kilio kisicho na sauti hakihesabiwi. Nyuma ya mafiga mtu alinong'ona, kwa ule mnong'ono unaotaka kusikiwa: "Mtoto wa kwanza, na hata kulia hakulia." Eliana alisikia. Meno yakiwa yamefungana vile, angemjibu nini?

Baada ya matanga ndugu walikubaliana nyumba ya mama ifungwe hadi mavuno yaishe, ndipo vyombo vigawanywe. Mdogo wake, Chediel, aliyejenga jirani na mama, akatia kufuli. Vilihesabiwa vitanda, vikahesabiwa vyungu na mbuzi. Aliyesahauliwa alikuwa paka.

Paka yule alikuwa dume kubwa la kijivu lenye michirizi. Bibi Asnath alimwita Mwenyekiti, kwa sababu kila asubuhi alikikalia kigoda cha mwenye nyumba na hakumwondokea mtu. Mgeni akitaka kukaa, bibi alimwambia: "Omba ruhusa kwa Mwenyekiti kwanza." Usiku alilala miguuni pa bibi, na hata katika ugonjwa wa mwisho hakuhama.

Siku chache kabla Eliana hajaenda kupasuliwa, Chediel alipiga simu.

"Dada, shikamoo. Huyu paka wa mama atanitia wazimu. Tangu tufunge nyumba anakaa mlangoni analia. Nikimpa chakula kwangu, anakula na kurudi kule kule. Jana mbwa walimkosakosa. Nimpeleke porini nikamwache?"

"Usimwache porini," Eliana alisema kwa meno yaliyobana. "Mlete kwangu."

"Si unakwenda kupasuliwa jino?"

"Mlete, Chediel."

Hakuwa mtu wa paka. Muuza kuku na paka wapi na wapi? Lakini alipoweka simu chini alijua kwamba hilo ndilo jambo moja ambalo bado angeweza kumfanyia mama yake: kumtunza huyu aliyelala miguuni pake, asiliwe na mbwa, asife mlangoni. Akijaliwa kumfanya atulie na kuzoea nyumba yake ya kule mtaa wa Mwankoko, hata lile neno la nyuma ya mafiga lingepungua uzito.

Daktari alimchana fizi, akalivunja gego na kulitoa vipande vipande, kisha akamshona. Alipomaliza alimpa masharti: asile cha moto wala kigumu, asukutue mdomo kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, asiteme kwa nguvu, na asipaze sauti mpaka nyuzi zitolewe.

"Unafanya kazi gani, mama?"

Eliana alionyesha kwa mikono mabawa yanayopigapiga.

"Kuku? Basi nao wapumzike."

Kesho yake Chediel aliwasili kwa bodaboda, gunia limefungwa mdomo na linaruka mapajani kama lina pepo. Jasho lilikuwa linamtoka, na mkono una makwaruzo.

"Huyu hapa Mwenyekiti wako. Nimemleta ndani ya gunia asione njia, na pale njiapanda nimemzungusha mpaka dereva akaniuliza kama nacheza ngoma. Hata mimi nilitoka pale sijui Ilongero iko wapi."

Sauti hiyo ilimtoa nje jirani yao, Mama Nasma. Nyumba zao zilitazamana katika ua mmoja, na vifaranga wake walizagaa kila mahali humo. Mumewe alikuwa na duka la vitambaa sokoni. Yeye alikuwa na ulimi.

"Mama Pendo! Pole na jino. Hicho kinacholia ni nini? Ni paka? Ee Mola! Muuza kuku amekwenda kufuga paka! Kesho utasikia mwenye bucha amefuga simba."

Eliana alitaka kucheka, nyuzi zikamvuta. Akashika shavu.

"Usicheke, utafumuka," Mama Nasma alisema, kisha akaacha utani. "Lakini tusikilizane, jirani. Kule kwenye uzio nimetega nyama yenye sumu kwa ajili ya vicheche. Akitoka akaila, usije ukasema nimemuua paka wa marehemu. Na akigusa kifaranga changu, mimi sina mazungumzo na paka."

Eliana aliweka kiganja juu ya mlango, akausukuma ukajifunga. Maana yake ilikuwa wazi: hatatoka.

Ndivyo walivyofungiwa pamoja, mwanamke asiyeweza kusema na paka asiyenyamaza. Mwenyekiti alijificha chini ya kitanda, akalia kilio kirefu kinachopanda mwishoni kama swali. Hakugusa chakula. Eliana alijilaza sakafuni juu ya mkeka, upande wa shavu zima, wakatazamana kwenye giza la mvunguni. Hakuwa na sauti ya kumbembeleza. Alichoweza ni kuwapo.

Chakula ndicho kilichowakutanisha. Eliana alichemsha dagaa, akachuja mchuzi wake, akaupoza. Mchuzi ulikuwa wake, dagaa waliolainika wakawa wa paka. Alikunywa kikombe chake polepole pale pale sakafuni, na kisahani akakisogeza kwa kidole. Siku ya kwanza kilibaki hivyo hivyo. Siku iliyofuata alipoamka alikikuta kimelambwa mpaka kinang'aa. Alikibusu kisahani kile, ingawa midomo ilimuuma.

Basi akajitia katika kazi ya kumfurahisha paka kama mtu aliyepewa kazi ya serikali. Alijaza mchanga kwenye karai kuukuu, akaliweka pembeni, naye Mwenyekiti akajua lile ni la nini. Ndani ya boksi la sabuni alitandika khanga ya mama aliyopewa msibani, ambayo alikuwa hajaifua. Paka aliinusa kwa muda mrefu, akazunguka juu yake, akalala. Aliegemeza ubao chini ya dirisha lenye wavu ili apande na kuwatazama kwerea wakijenga viota kwenye mchongoma wa uani. Alifunga gunia tupu kwenye mguu wa meza, akapata pa kunolea kucha. Na manyoya ya kuku, ambayo nyumbani kwake hayakukosekana, aliyafunga kwenye kamba akawa anayakokota sakafuni akiwa amelala. Mwanzoni paka aliyatazama kama mzee anayetazama upuuzi wa watoto. Halafu siku moja mkia ukatikisika, makalio yakachezacheza, akayarukia.

Wageni walikuja kumjulia hali. Mama Nasma alileta uji wa uwele kila siku, na kila siku alipiga hodi dirishani kwanza.

"Mwenyekiti yupo? Mkutano unaendelea? Nifungulie upesi niingie kabla wajumbe hawajatoroka."

Aliingia ubavuubavu akiziba upenyo kwa doti la khanga. Wengine hawakuwa na uangalifu huo. Katika sehemu zile mlango wa mgonjwa ukifungwa mchana, watu huuliza mgonjwa anamficha nani. Mwenzake wa stendi, Bonaventura, alikuta mlango umesindikwa akasema kwa nje, kwa sauti kubwa: "Eliana, ni sisi! Au siku hizi ukishapasuliwa jino unatukataa?" Eliana alifungua kidogo, akamvuta ndani kwa shati, akafunga.

"Kumbe ni kweli," Bonaventura alisema akimwona paka dirishani. "Stendi wanasema umejifungia na paka. Kuna wenye midomo wanasema hata mama yako hukumlilia namna hii."

Alisema na papo hapo akaona alichosema. Alishika kofia yake, akaikunja, akaikunjua. Eliana alitazama pembeni. Aliinuka akamtilia chai, kwa maana mgeni ni mgeni, lakini alimimina bila kutazama mpaka chai ikamwagikia sahani.

Alipoondoka, Eliana aliketi kitandani. Hapo ndipo Mwenyekiti alipotoka kwenye boksi lake, akapanda kitandani kwa mara ya kwanza, akajikunja miguuni pake. Hakuthubutu kusogeza unyayo. Mguu ulikufa ganzi, akauacha ufe.

Baada ya hapo kilio kilipungua, halafu kikakoma. Paka alikula mara tu sahani ilipowekwa. Alilala mchana kutwa. Alishinda dirishani, masikio mbele, ametazama upande mmoja tu.

Sasa, mtu aliyenunua na kuuza kuku tangu ujana ana elimu yake. Kuku aliyetoka kijijini hafunguliwi siku anayofika. Hufungwa kamba mguuni, akafungwa kwenye kigingi uani. Kwanza hupiga kelele, hukataa mtama, huvuta kamba mpaka mguu unachubuka. Kisha hunyamaza. Akianza kudonoa bila kuinua shingo kila mara, huyo amekwisha kuwa wa nyumba; kata kamba, jioni utamkuta bandani pako. Eliana hakuwahi kupoteza kuku kwa kanuni hiyo. Wala haikumpitia akilini kwamba kuna viumbe ambavyo kunyamaza kwao ni jambo jingine.

Siku nyuzi zilipotolewa, daktari alimwambia kidonda kimefunga vizuri, aanze kula laini na kusema taratibu. Alitoka hospitali mwepesi kama mtu aliyeshinda kesi. Alipitia sokoni akanunua perege mbichi wa ziwani, akampika bila chumvi, akamtoa miiba, akagawa: nusu yake, nusu ya Mwenyekiti. Wakala pamoja. Paka alikula bila kuinua shingo.

"Umezoea," alimwambia. Lilikuwa karibu neno lake la kwanza kwa sauti ya kawaida. "Leo utaota jua, baba."

Kabla ya yote alikwenda kumwomba Mama Nasma aondoe ile nyama ya sumu uzioni, naye akaiondoa akainyunyizia majivu na kuifukia, akinung'unika kwamba sasa vicheche watafanya harusi. Ndipo Eliana alipofungua mlango, akakaa kwenye kizingiti.

Mwenyekiti alikuja akakaa kando yake. Alilamba mguu mmoja, akaupitisha usoni. Alinusa upepo. Halafu aliinuka, akashuka ngazi, akavuka ua.

Vifaranga wa Mama Nasma walikuwa wametawanyika katikati ya ua wakiparua. Mama Nasma alishika fagio tayari. Paka alipita katikati yao, na mama yao akavimbisha manyoya, lakini yeye hakupunguza mwendo wala hakugeuza jicho.

"Hee! Paka gani huyu?" Mama Nasma alishangaa. "Hata kifaranga hajakiangalia! Mama Pendo, huyu umemlea kanisani."

Eliana alisimama. Paka anayepita katikati ya vifaranga bila kuwatazama si paka aliyeshiba. Ni msafiri.

"Mwenyekiti!" aliita. Sauti ile iliyoamsha mabasi mazima ilitoka imepasuka, na upande wa kushoto ukawaka moto. "Mwenyekiti!"

Paka alipenya uzio. Eliana alizunguka langoni akikimbia, khanga imemlegea. Alimwona mara moja tu, mkia umesimama kati ya mistari ya alizeti iliyokauka ikisubiri kukatwa, akielekea upande ule ule ambao alikuwa akiutazama kutoka dirishani. Kisha yakabaki mashina.

Alitafuta hadi giza. Mama Nasma naye alitafuta. Aliacha sufuria motoni, akaenda nyumba kwa nyumba akiuliza, na kwa aliyecheka alimfokea. Usiku ule Eliana aliuacha mlango wazi na sahani kizingitini. Asubuhi sahani ilikuwa na siafu.

Alirudi stendi, kwa kuwa riziki haingoji. Wenzake walisema sauti yake imerudi, lakini haikuwa ile. Alipanga kuku, akafunga miguu yao, na kila alipokuta kuku aliyetulia kwenye tenga akidonoa, alisimama akamtazama machoni kama anayetaka kumuuliza kitu.

Chediel alipiga simu wakati watu walishaacha kumpa pole.

"Dada. Mwenyekiti wako yuko hapa."

Eliana alikaa juu ya tenga.

"Mzima?"

"Mzima ndiyo, lakini amebaki mifupa. Sikio moja limechanika. Yuko pale pale mlangoni. Njoo na gunia."

Alifika Ilongero mchana, gunia limekunjwa kwapani na dagaa kwenye mfuko. Bibi Maria, jirani aliyezeeka pamoja na mama yake, alikuwa ameketi uani kwa marehemu, anapepeta uwele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Shavu limepungua. Mtu wako yule pale. Nimempa maziwa, ameonja kidogo tu. Anasubiri afunguliwe."

Mwenyekiti alikuwa ameketi mbele ya mlango, pua karibu inagusa ubao. Alimgeukia Eliana, akamtazama kama unavyomtazama mtu unayemfahamu mliyekutana njiani huku una safari yako, akaugeukia tena mlango.

"Mfungulie," Eliana alimwambia mdogo wake.

"Akiingia tutamkamata vizuri," Chediel alikubali. Alifungua kufuli.

Paka aliingia kabla mlango haujafika nusu. Nyumba ilinuka vumbi na panya. Alikwenda moja kwa moja chumbani. Kitanda kilikuwa kimeshafunguliwa, mbao zimeegemezwa ukutani. Alizunguka pale kilipokuwa, akanusa sakafu, akasimama. Alikwenda jikoni, akachungulia nyuma ya mtungi. Aliingia ghalani. Akarudi chumbani, akaanza tena kunusa kutoka mwanzo. Kisha aliwatazama wote wawili akalia, kilio kile kile cha kupanda mwishoni.

Eliana aliegemea ukuta. Siku mama alipofariki watu wote waliambiwa. Yeye mwenyewe, na taya lile, aliwapigia simu ndugu wa Ikungi, na mwanawe Pendo aliye chuoni Dodoma, na mjomba wa Manyoni ambaye hakuelewa maneno mpaka akarudia. Kila mmoja aliambiwa akakaa chini. Paka huyu alitolewa nje, mlango ukafungwa, hakuna aliyemwambia kitu.

Alichuchumaa. Akamwambia kwa Kinyaturu, lugha ambayo bibi alisema naye, kwamba mama amefariki, kwamba wamemzika pale nyuma ya shamba, kwamba harudi. Alisema taratibu, kama anavyoambiwa mtu mzima.

Paka alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akampita, akaenda tena jikoni kutazama nyuma ya mtungi.

Chediel, ambaye hadi hapo alikuwa akitabasamu, aliinamisha kichwa. Alishika gunia bila kulifungua.

"Tumkamate, dada?"

"Hapana."

"Utamwacha hapa? Utasema nini kesho? Si ulitaka akae kwako?"

"Nilitaka," Eliana alisema. "Kule alikaa, Chediel, lakini alikuwa ananingojea nifungue mlango tu."

"Mimi siwezi kuiacha nyumba ya mama wazi. Mbuzi wataingia. Na shangazi watasema."

"Funga. Ila umwachie pa kupitia."

Walitazama huku na huku. Mwishowe Chediel alichukua panga, akazunguka nyuma, akaung'oa ubao wa chini wa mlango wa jikoni. Misumari ilikuwa imeliwa na kutu, haikushindana. Eliana alimkabidhi Bibi Maria dagaa, akamweleza wachemshwe bila chumvi mpaka walainike, na wawekwe karibu na tundu lile, si ndani sana.

"Na ukija mjini, mama, pitia stendi nikupe wengine."

"Nitapitia, mwanangu. Sote wawili tulimzoea, mimi na huyo."

Paka alitoka kwa kupitia tundu. Alilinusa pande zote, akajisugua kwenye ukingo wake, akaacha manyoya machache ya kijivu kwenye ubao. Kisha akainama akaingia tena. Wakiwa wamesimama pale uani, wakamsikia ndani akianza upya, chumba kwa chumba.